Rejeta Mpya na Gari Bado Linachemsha: Fuata Mipira Kabla Hujagusa Kitu Kingine

Mteja anafika gereji akiwa amechoka. Rejeta ya zamani ilivuja, akanunua mbadala, ikafungwa, na siku ya tatu mshale wa joto ukapanda vilevile. Mmoja ameshamwambia gasketi ya silinda hedi imeungua, mwingine amemshauri themostati, ile vali inayofungua njia ya rejeta maji yakipata moto, itolewe na kutupwa. Kabla ya kukubali lolote kati ya hayo, kuna kazi moja isiyogharimu hata shilingi: weka kidole kwenye mpira wa kwanza, fuata maji yanakokwenda, usiondoe kidole mpaka yarudi yalikotoka. Magari mengi niliyoletewa yakichemsha baada ya kubadilishiwa rejeta hayakuwa na injini mbovu. Yalikuwa na mpira uliojikunja, hewa iliyonaswa, mfuniko usiolingana na shingo yake, au bomba lililozibwa na mtu aliyedhani halina kazi.

Jambo la usalama kwanza. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo ndani ya presha yanaweza kufika nyuzi 110 bila kuchemka. Ukiiachia ile presha ghafla yanageuka mvuke palepale na kukurukia usoni. Zima injini, subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa kiganja kizima, uubinye na uuone umelegea.

Maji yanapita wapi

Nitatumia Toyota IST kuwa mfano, ile ya injini ya 1NZ-FE au 2NZ-FE, kwa sababu zimejaa barabarani kwetu na kwa sababu mahali ilipokaa themostati yake huwachanganya watu.

Wota pampu inasukuma maji ndani ya bloku, yanapanda kwenye silinda hedi, yanatoka na joto lake kupitia mpira wa juu na kuingia rejeta. Yakishapoa yanatoka kwa mpira wa chini na kurudi kwenye pampu. Hiyo ndiyo safari kubwa. Pembeni yake kuna safari ndogo tatu ambazo husahaulika wakati wa kubadilisha rejeta. Ya kwanza ni baipasi, njia ya mkato inayoyazungusha maji ndani ya injini wakati themostati bado imefunga. Ya pili ni ya heta, inayopita nyuma ya dashibodi na kurudi. Ya tatu ni kampira kembamba kutoka shingo ya rejeta kwenda kwenye chupa ya akiba. Gari likiwa la otomatiki kuna na ya nne, nayo si ya maji: mafuta ya gia huingia kwenye tangi la rejeta, yanapozwa humo, yanarudi kwenye gia boksi.

Kwenye magari mengi ya zamani themostati hukaa juu, maji yanapotoka injini. Kwenye IST, na injini nyingi za Toyota za miaka ya karibuni, imekaa chini, pale mpira wa chini unapoingia injini. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua dalili nyingi utakazoona, kwa hiyo itafute themostati ya gari lako kwa macho yako kabla hujaendelea.

Kama rejeta ya zamani bado ipo, ilaze kando ya mpya

Usiruhusu ya zamani iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu siku hiyohiyo. Zilaze chini pamoja na uangalie: midomo ya mipira iko upande uleule na kwa urefu uleule? Unene wa mdomo ni uleule? Pima kwa kalipa; mdomo wa milimita 32 na wa 38 huonekana kama ndugu ukiwatazama kwa mbali, lakini mpira hautadanganyika. Shingo ya mfuniko ina kina kilekile? Kuna midomo miwili midogo ya mafuta ya gia, au uliuziwa ya gari la gia za mkono? Na je, swichi ya feni ilikuwa imefungwa kwenye rejeta, kama ilivyo kwenye Volkswagen Golf za zamani? Kama mpya haina tundu lake, feni haitajua wakati wa kuwaka.

Rejeta za aluminiamu zinazouzwa kuwa zinafaa gari lolote ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Upozaji wake unaweza kuwa mzuri sana. Tatizo ni kwamba midomo yake iliwekwa pale ilipomfaa mtengenezaji, halafu mipira yako ya kiwandani, iliyofinyangwa kwa umbo maalumu, inalazimishwa kwenda isikozoea.

Linachemsha kwenye foleni, likitembea linapoa

Hapa tatizo ni upepo, na mipira unaweza kuiacha kwa muda. Gari likitembea upepo unaingia wenyewe. Likisimama Ubungo saa kumi na mbili jioni linategemea feni peke yake. Angalia kama lile kava linaloizunguka feni lilirudishwa. Mara nyingi rejeta mbadala huwa nene kidogo au matundu yake ya bolti hayalingani, fundi akaliacha kava pembeni. Bila kava, feni inavuta hewa ya kipande kidogo tu cha rejeta, na hewa ya moto ya injini inazunguka na kuingia tena.

Kisha angalia feni inazungukia upande gani. Nyaya za feni ya umeme zikigeuzwa, feni inasukuma upepo kwenda mbele badala ya kuuvuta kuja nyuma. Kipimo chake ni karatasi: iweke mbele ya grili feni ikiwa inafanya kazi. Ikivutwa na kunata, uko salama. Ikisukumwa, geuza nyaya.

Mjini halina shida, barabara kuu au mlimani linapanda

Hii ndiyo dalili iliyonifundisha kuuheshimu mpira wa chini. Kuna Noah iliyokuwa inakwenda Mbeya, imebadilishiwa rejeta wiki moja kabla. Dar es Salaam nzima haikuonyesha kitu, hata Morogoro ilipita vizuri. Ilipofika Kitonga na kupanda kwa gia nzito, mshale ukaenda mwisho. Ikapozwa, ikaongezwa maji, ikachemsha tena. Iliporudi kwangu nilimwomba mwenye gari akanyage mafuta mpaka mizunguko 3,000 injini ikiwa na joto lake kamili, mimi nikiangalia mpira wa chini kwa tochi. Ulijibana kama mrija wa soda unaponyonywa. Alipoachia pedali, ukafunguka. Ukifungua boneti injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, unauona mzima kabisa.

Sababu ni hii: mpira wa chini uko upande wa pampu kunyonya. Mipira mingi ya kiwandani ya upande huo huwa na ukuta mgumu au springi ndani ili isifinywe. Mdomo wa rejeta mpya ulikuwa umekaa tofauti, mpira wa awali haukufika, ukakatwa mpira laini wa dukani ukawekwa. Pampu ilipoongeza nguvu, mpira ukajifunga wenyewe, na injini ikabaki bila maji wakati ilipoyahitaji kuliko wakati wote. Dawa ni mpira wenye springi au wenye ukuta ulioimarishwa kwa nyuzi, uliofuata kona bila kujikunja. Springi peke yake ukiichomeka kwenye mpira laini ihakikishe ni ya chuma kisichoshika kutu na inabana ukutani. Ikilegea inaweza kusafiri mpaka kwenye pampu.

Usichanganye hilo na mpira unaokutwa umebonyea asubuhi, injini ikiwa imepoa. Huo huwa ni mpira wa juu mara nyingi, na unasema habari nyingine: maji yaliposinyaa kwa kupoa yalishindwa kuvuta mengine kutoka chupa ya akiba. Tafuta kampira cha chupa kilichoziba au kukunjwa chini ya kava, au vali ndogo ya katikati ya mfuniko iliyoganda.

Kama mpira haubanwi na bado linapanda mlimani, angalia mianya pembezoni mwa rejeta. Rejeta ndogo kuliko nafasi yake huacha upepo upite kandokando, na upepo hufuata njia rahisi. Sponji ngumu au vipande vya mpira vya kuziba mianya hiyo vinatosha. Angalia pia kondensa ya AC iliyo mbele yake. Nimekuta rejeta mpya inayong'aa imefungwa nyuma ya kondensa iliyojaa matope na wadudu wa safari za miaka mitano.

Mshale unapanda na kushuka, na maji yanasikika yakibubujika nyuma ya dashibodi

Hewa. Rejeta ilipofunguliwa mfumo wote uliingia hewa, na hewa hupanda na kukaa mahali pa juu kuliko pote. Hapa njia ya mpira ina uzito mkubwa. Kama mpira wa juu umepandishwa kama mgongo wa ngamia, ukapita juu ya kiwango cha mfuniko wa rejeta kabla ya kushuka, umetengeneza ghala la hewa. Utajaza maji hadi yamwagike shingoni na pale kwenye mgongo patabaki patupu. Mpira wa juu upande polepole kuelekea mfuniko, au ulale sawa. Usiuache upande halafu ushuke.

Kwenye Noah za zamani, SR40 na SR50, kazi ni kubwa zaidi. Injini iko chini ya viti vya mbele na maji husafiri mbali kwa mipira mirefu mpaka rejeta. Kila kona ya mipira hiyo inaweza kunasa hewa, na mtu asiye na subira hataitoa.

Ninavyoitoa mimi ni hivi. Gari lisimame pua ikiwa juu, kwenye mteremko au magurudumu ya mbele juu ya mbao imara, hendibreki juu na magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe. Heta iwekwe kwenye joto la mwisho, kwa sababu baadhi ya magari yana vali inayofunga njia ya heta ukiiweka kwenye baridi. Injini ikiwa baridi, mfuniko wazi, jaza polepole huku ukiminya mpira wa juu na wa chini kwa zamu, mpaka mapovu yaache kutoka. Kisha washa, iache kwenye sailensa. Kiwango kitashuka kidogo kidogo, wewe unaongeza. Subiri themostati ifunguke, kwa kawaida nyuzi 82 hivi kwenye Toyota nyingi. Utajua kwa mpira wa upande wake kupata moto ghafla, na mara nyingi kiwango kitashuka kwa mkupuo. Jaza, funga mfuniko, jaza chupa hadi alama ya juu. Kazi nzima inaweza kuchukua nusu saa. Kesho yake asubuhi fungua tena injini ikiwa baridi. Si ajabu ukaongeza nusu lita.

Kama themostati ilitolewa na kurudishwa, tazama kale kapini kanakochezacheza kwenye ubao wake. Kako hapo ili kupitisha hewa, na kanatakiwa kuwa juu, saa sita ya mshale. Kakikaa chini, hewa hubaki nyuma ya themostati na yenyewe huchelewa kuhisi joto la maji.

Kuna kitu ninataka kila dereva akijue hapa. Sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Maji yakiisha na sensa ikabaki kwenye hewa, mshale unaweza kushuka huku hedi ikiungua. Ukiona mshale ulikuwa juu kisha ukaanguka ghafla bila sababu, usifurahi. Simama, zima.

Mpira wa juu wa moto, wa chini wa baridi

Kwenye IST iliyotoka kuwashwa hiyo ni hali ya kawaida. Themostati iko chini, bado imefunga, maji ya rejeta hayajaanza kutembea. Watu wamebadilisha themostati isiyo na ubovu kwa kupapasa mpira dakika tano baada ya kuwasha. Subiri injini ifike joto lake la kazi.

Ikiwa injini imeshachemsha na mpira wa chini bado ni wa baridi, hapo kuna kizuizi, na sababu ninazozikuta ni tatu. Themostati imekufa ikiwa imefunga. Au imefungwa kinyume. Upande wa springi ndio unaotakiwa kuelekea injini. Au kuna mtu alikata njia ya heta au baipasi.

Hii ya tatu nataka niitulie, maana ndiyo inayofichika. Hapa pwani heta haina kazi kwa abiria. Ikivuja, au midomo yake ikizuia rejeta mpya kukaa vizuri, mafundi wengi huziba mipira yake kwa bolti na klipu. Lakini themostati iliyokaa upande wa kuingilia haiguswi na maji ya moto yanayotoka injini moja kwa moja. Inayaonja kupitia baipasi, na kwenye injini nyingi kupitia maji yanayorudi kutoka heta. Ukiyazuia, themostati inabaki imezungukwa na maji yaliyotulia, haijui kwamba hedi imeshapata moto, inachelewa kufunguka. Mshale unapanda juu, kisha themostati inafunguka kwa pupa, maji baridi yanaingia kwa wingi, mshale unaanguka, na mchezo unaanza upya. Kama ni lazima heta iondolewe, usizibe. Unganisha mpira wa kwenda na wa kurudi kwa bomba moja la chuma ili maji yaendelee kuzunguka.

"Fundi, toa tu hiyo themostati"

Nimeombwa hivyo mara nyingi na watu wazima wenye nia njema. Huwa najibu, "Mzee wangu, nikiitoa gari lako litachemsha zaidi," na wengi hawaamini.

Themostati ya injini kama ya IST ina visahani viwili. Cha mbele kinafungua njia ya rejeta. Cha nyuma, wakati huohuo, kinafunga mdomo wa baipasi. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi, na maji, yakiwa na hiari, huchagua njia fupi. Sehemu kubwa inazunguka kwa baipasi na kurudi injini bila kuona rejeta kabisa. Mjini, kwa mwendo mdogo, gari linaweza kukaa baridi mno na kula mafuta, mwenyewe akadhani amepona. Siku anapopanda mlima na mzigo, rejeta yake mpya iko pale imepoa na injini inachemka pembeni yake. Kama gari lako lilishatolewa themostati kabla ya rejeta kubadilishwa, irudishe kwanza. Usiilaumu rejeta kwa maji ambayo hayakuwahi kuifikia.

Chupa ya akiba inajaa na kumwagika, au haipungui kabisa

Maji yakipata moto yanapanuka, yanasukuma springi ya mfuniko, yanakwenda kwenye chupa. Yakipoa yanasinyaa na kurudi. Rejeta mbadala ikikatiza safari hiyo, gari litaonekana linakula maji hata kama hakuna panapovuja.

Anza na mfuniko. Shingo za rejeta zina vina tofauti. Mfuniko wa shingo fupi ukiwekwa kwenye shingo ndefu, raba ya chini haikai, presha haijengeki. Kinyume chake, unabana kupita kiasi au haufungi. Paka chaki au grisi kidogo kwenye raba, funga, fungua, utazame kama imeacha duara kamili chini.

Kisha soma namba ya presha iliyoandikwa juu ya mfuniko. Toyota nyingi hutumia mfuniko wa 0.9 au 1.1. Mfuniko wa 0.9 unapandisha kiwango cha kuchemka cha maji kutoka nyuzi 100 hadi 118 hivi kwa mtu wa Dar es Salaam. Ukifa, nyuzi 18 hizo zimekwenda. Na huko Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo mfuniko uliokufa unaweza usionekane pwani na ukajulikana nyanda za juu. Lakini usikimbilie wa namba kubwa kuliko ya kiwandani. Matangi ya plastiki na mipira ya zamani vitalipia presha hiyo. Subaru zenye tabo zina mifuniko miwili, mmoja kwenye rejeta na mmoja kwenye tangi la juu, na haifanani kazi. Weka alama kabla ya kuitoa, usije ukaibadilishana.

Kisha kampira chembamba. Ndani ya chupa kinatakiwa kifike karibu na chini, kizame kwenye maji. Kikiishia juu, kitavuta hewa kila gari linapopoa, na utatoa hewa leo na kesho iko palepale. Ufa mdogo au klipu iliyolegea pale shingoni hufanya vivyo hivyo bila kuvuja hata tone, kwa sababu wakati wa kunyonya hewa huingia na maji hayatoki.

Ukikagua yote hayo na bado maji yanatupwa, sasa ndipo gasketi ya hedi inapostahili kutajwa. Washa injini ikiwa baridi kabisa. Mpira wa juu ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, presha hiyo haitokani na joto. Inatoka kwenye silinda. Mapovu yasiyoisha shingoni, moshi mweupe wenye harufu ya kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta), na ile dawa ya kupimia inayobadilika kutoka bluu kuwa njano ikivutiwa hewa ya rejeta vitathibitisha. Gari lililochemsha vibaya kabla ya rejeta kubadilishwa linaweza kuwa lilishaumia siku ile. Wenye injini za dizeli za Toyota za 1KZ-TE wanajua hedi zake zinavyopasuka kwa joto.

Mpira unachomoka au unatokwa jasho kwenye klipu

Papasa mdomo wa rejeta. Mzuri una ukingo ulioinuka kidogo mwishoni ili mpira usiteleze. Baadhi ya za aluminiamu zina bomba laini tupu, na hapo klipu hata ukaze vipi, presha itausukuma mpira utoke. Peleka kwa fundi wa kuchomelea aluminiamu aiwekee ukingo, na afanye hivyo kabla rejeta haijafungwa.

Mpira uingie angalau sentimita mbili na nusu, klipu ikae nyuma ya ukingo, isikae juu yake. Mdomo ukiwa mkubwa au mdogo kuliko mpira, tafuta mpira wa kupunguza, ule wenye unene mmoja huku na mwingine kule. Kuzungushia tyubu ya baiskeli ili mpira ujae ni kumwandalia mwenye gari usiku wa kulala njiani. Silikoni ya gundi nayo siipendi hapo: ndani hukatika vipande na kwenda kuziba mirija ya rejeta, na nje inafanya mpira uteleze kabla haijakauka. Klipu ya kukaza kwa bisibisi ikague tena baada ya injini kupata moto na kupoa mara ya kwanza, kwani mpira mpya hujikandamiza. Klipu za springi za kiwandani hujirekebisha zenyewe. Kama bado zina nguvu, zitumie.

Mpira unapitapita jirani na feni, belti au ekzosi

Injini haitulii. Ukikanyaga mafuta inainama kwenye maunti zake, na mpira unasogea nayo. Nafasi inayoonekana kutosha gari likiwa limezimwa inaweza kuisha ukiondoka kwa nguvu. Mimi huacha vidole viwili kutoka chochote kinachozunguka, na zaidi kutoka ekzosi. Mpira ukilazimika kugusa bodi au bracketi, uvalishe kipande cha mpira mwingine uliopasuliwa na uufunge usicheze. Mtikisiko hula mpira polepole, na hupasuka ukiwa mbali na nyumbani.

Kupata mpira wenye umbo unalohitaji kuna njia nyepesi. Chukua waya mnene wa kuchomelea, ukunje kufuata njia unayotaka mpira upite, kutoka mdomo hadi mdomo, uone unapita bila kugusa. Nenda na waya huo Kariakoo au Gerezani, na uulinganishe na mipira iliyotundikwa dukani, hata ya gari jingine kabisa. Mara nyingi kona mbili zinazofaa zinapatikana kwenye mpira wa gari ambalo hukulifikiria, unakata ncha na kazi imekwisha. Mpira wa mawimbi unaopinda kila upande unafaa kukufikisha nyumbani. Kuuacha miaka kwenye upande wa kunyonya sikushauri.

Maji yamekuwa ya waridi kama maziwa ya strawberi

Usiendeshe hata mita moja zaidi. Mafuta ya gia na maji vimekutana ndani ya rejeta. Injini ikiwaka mafuta yana presha zaidi na huingia kwenye maji. Ikizimwa maji yaliyobaki na presha huingia kwenye mafuta, na gia boksi la otomatiki haliwezi kuyavumilia maji. Inatokea rejeta mbadala inapokuwa na kipozeo cha mafuta kilichochomelewa vibaya, au midomo yake ilipokazwa kwa nguvu bila kushikiliwa nati ya chini. Rejeta itolewe, mfumo wa maji usafishwe, na mafuta ya gia yabadilishwe zaidi ya mara moja mpaka yatoke safi.

Na kama rejeta uliyouziwa haina midomo ya gia, usiunganishe mirija miwili ya gia boksi pamoja ukaondoka. Mafuta hayo yatazunguka bila kupoa. Weka kipozeo cha nje mbele ya kondensa, kwa mirija iliyoandikwa kuwa ya mafuta ya gia. Mpira wa petroli au wa maji utalainika na kupasuka.

Miezi michache tu, na rejeta ya aluminiamu ina vitundu vidogo

Sababu huwa maji au umeme. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi, nayo hula aluminiamu. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Kwa umeme, chukua mita, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu uchovye kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma, injini ikiwa inawaka na taa na feni vikifanya kazi. Ikizidi volti 0.3, kuna ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) mbovu inayopitisha umeme kwenye maji. Zima kifaa kimoja kimoja mpaka namba ishuke, na hicho kilichoishusha ndicho uanze na ethi yake.